Mwakilishi wa Korti na Ghorofa: Kiungo kati ya Mwenye Nyumba na Chama cha Wamiliki

Familia inapokabidhiwa funguo za nyumba yake katika jengo la ghorofa, hukabidhiwa pia mali nyingine isiyofungwa kwa ufunguo wowote. Mali hiyo ni sehemu yake katika ngazi, paa, tangi la maji, pampu, lango, maegesho ya magari, taa za uani na mabomba ya majitaka. Vitu hivi si vya mtu mmoja, na kwa sababu hiyo vinaweza kukosa wa kuvitunza. Ndipo inapozuka haja ya chama cha wamiliki, na ndani ya chama hicho, haja ya mwakilishi wa kila korti, jengo au ghorofa.

Suala hili linazidi kuwahusu Wakenya wengi. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 iliweka msingi wa kisheria wa ushuru wa nyumba, ambapo mwajiriwa hutoa asilimia 1.5 ya mshahara wake wa jumla na mwajiri akaongeza kiasi kama hicho. Mei 2025, wamiliki walianza kukabidhiwa nyumba 1,080 katika mtaa wa Mukuru jijini Nairobi. Baadhi ya wanaohamia nyumba za namna hii walizoea maisha ya kupanga, ambamo bomba likipasuka huitwa msimamizi wa ploti, na lawama zote hupelekwa kwa mwenye nyumba. Leo mwenye nyumba ni wao wenyewe. Pampu ikiharibika, hakuna wa juu yao wa kupigiwa simu. Wa kuamua ni wao kwa wao.

Makala haya yanafafanua nafasi ya mwakilishi katika mpangilio huo: anapata wapi mamlaka yake, anafanya kazi gani, mipaka yake ni ipi, na mwananchi afanye nini anapotaka kumchagua au kumwajibisha.

Sheria inasema nini

Umiliki wa nyumba ndani ya jengo la pamoja nchini Kenya unaongozwa na Sheria ya Mali ya Sehemu ya mwaka 2020, iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba 2020 na kuchukua nafasi ya ile ya mwaka 1987. Chini ya sheria hii, ramani inayoonyesha jengo lilivyogawanywa katika nyumba mbalimbali husajiliwa katika afisi ya ardhi. Kila nyumba hupata hati yake, na kila mwenye hati huwa na sehemu yake katika mali ya pamoja.

Mara ramani hiyo inaposajiliwa, sheria yenyewe huzaa shirika la wamiliki. Haliundwi kwa hiari ya majirani wachache, wala hakuna mmiliki anayeweza kusema hakujiunga. Kila mwenye nyumba ni mwanachama kwa kuwa tu ni mwenye nyumba. Shirika hilo huweza kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake, na huendelea kuwapo hata wamiliki wa awali wakiuza nyumba zao na kuondoka.

Wajibu wa shirika ni mzito. Linapaswa kusimamia mali ya pamoja na kuitunza ili ibaki katika hali nzuri, kukatia jengo bima, kutii ilani za mamlaka za umma kuhusu jengo hilo, na kuwa na mfuko wa gharama za uendeshaji. Fedha za mfuko huo hutoka kwa wamiliki, kila mmoja kwa kadiri ya kigezo cha sehemu yake, yaani uwiano uliowekewa nyumba yake katika ramani iliyosajiliwa. Kazi za kila siku hutekelezwa na bodi inayochaguliwa na wamiliki kwa mujibu wa kanuni za shirika.

Si kila mtaa umo chini ya utaratibu huo. Kabla ya sheria ya 2020, majengo mengi yaliendeshwa kupitia kampuni ya usimamizi, ambamo kila mnunuzi alipewa hisa pamoja na nyumba. Mitaa ya nyumba zinazosimama peke yake, kila moja na kiwanja chake, mara nyingi huwa na chama cha wakazi kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama. Tofauti hii ina uzito. Katika shirika la wamiliki, uanachama na michango ni matakwa ya sheria. Katika chama cha wakazi, wajibu wa mwanachama hutegemea katiba ya chama na makubaliano aliyotia sahihi aliponunua nyumba. Swali la kwanza la mwenye nyumba, basi, ni hili: mtaa wangu unaendeshwa chini ya utaratibu upi?

Mwakilishi ni nani

Katika jengo la nyumba kumi, wamiliki wote wanaweza kuketi chini ya mti mmoja wakaelewana. Katika mtaa wa nyumba mia kadhaa, hilo haliwezekani. Bodi ya watu wachache haiwezi kujua kwamba taa ya ngazi ya jengo la nne imezimika kwa wiki mbili, au kwamba bibi kizee wa ghorofa ya tatu hapati maji kwa sababu msukumo wa pampu haufiki kwake. Anayejua ni jirani. Huyo jirani akichaguliwa rasmi kulisemea eneo lake, ndiye mwakilishi.

Wakazi wa Buruburu jijini Nairobi wanaufahamu mpangilio huu kwa muda mrefu. Mtaa huo ulijengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970, na nyumba zake zikapangwa katika makundi yanayoitwa korti, kila kundi likiwa na ua wake. Umbo hilo la ujenzi lenyewe huwafanya majirani wa korti moja kuwa na mambo ya pamoja: lango, mlinzi, taa na usafi. Katika mitaa ya ghorofa, kipimo huwa ni jengo zima au ghorofa moja.

Ni muhimu kufahamu kwamba mamlaka ya mwakilishi wa aina hii hutokana na kanuni za chama au uamuzi wa mkutano mkuu. Yeye si mjumbe wa bodi, isipokuwa kanuni zimeeleza hivyo. Hawezi kutia sahihi mkataba wa ukarabati, kuajiri mlinzi au kupandisha ada kwa niaba ya wamiliki. Anaweza kupendekeza, kuuliza, kufuatilia na kutoa taarifa. Chama kinachotaka mwakilishi afanye zaidi ya hayo kinapaswa kuyaandika katika kanuni zake, ili wajibu huo usitegemee ukarimu wa mtu wala ubabe wake.

Kazi zake za msingi

Kazi ya kwanza ni kuyafikisha maoni ya majirani kwenye bodi bila kuyapunguza wala kuyatia chumvi. Mwakilishi mwema husema, "Nyumba sita kati ya nane za ghorofa yetu zinataka lango lifungwe saa nne usiku, mbili zinapinga kwa sababu wenyewe hufanya kazi za zamu." Hasemi, "Ghorofa yetu inataka," kisha akaficha wale wawili. Kauli ya wachache ikifika mapema, bodi hupata nafasi ya kutafuta njia inayowafaa wote.

Kazi ya pili ni kurudisha majibu. Katika vyama vingi malalamiko hupanda haraka, lakini majibu hushuka polepole au hayashuki kabisa. Mwakilishi huwaeleza majirani bodi imeamua nini, kwa sababu gani na kwa gharama ipi. Kifungu cha 7 cha Katiba kinaitambua lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Taarifa ikiandikwa kwa Kiswahili chepesi, huwafikia pia wale wanaotatizwa na lugha ya wanasheria na wahasibu.

Kazi ya tatu ni ukaguzi. Mara moja kwa mwezi, mwakilishi hupita katika eneo lake na daftari: ufa ukutani, unyevu darini, mfuniko wa shimo la majitaka uliovunjika, reli ya ngazi iliyolegea, kifaa cha kuzimia moto kilichopitwa na wakati. Anaandika tarehe, mahali na hali aliyoikuta. Ufa ulioandikwa Januari ukaonekana kupanuka Aprili ni taarifa ya kuitia mhandisi. Ufa uliozungumzwa tu kwenye ngazi husahaulika hadi siku ya hatari.

Kazi ya nne ni kumpokea mkazi mpya. Mtu anayehamia Jumamosi hajui taka hutolewa siku gani, maji hufungwa wapi yanapovuja, au ada hulipwa kwa nambari ipi ya akaunti. Migogoro mingi ya majirani huanza kwa kutojua tu. Nusu saa ya maelezo siku ya kwanza huokoa miezi ya manung'uniko.

Kazi ya tano ni kuhamasisha wamiliki wahudhurie mikutano. Mkutano usiotimiza akidi hauwezi kuamua jambo, na bajeti isiyopitishwa haiwezi kutengeneza paa. Mwenye nyumba aliye ughaibuni au kaunti nyingine akumbushwe mapema kuuliza kanuni zinamruhusu vipi kuwakilishwa.

Ada: mahali chama kinaposimama au kuanguka

Jambo linalovunja vyama vingi ni fedha. Tuchukue mfano wa kubuni. Jengo lina nyumba 40 zenye vigezo vya sehemu vilivyo sawa, na kila moja hutakiwa kulipa shilingi 5,000 kwa mwezi. Mapato kamili ni shilingi 200,000. Kati ya hizo, walinzi na mfanyakazi wa usafi huchukua shilingi 110,000, umeme wa pampu na wa taa shilingi 45,000, uzoaji wa taka shilingi 15,000, na shilingi 30,000 huwekwa akiba ya matengenezo makubwa.

Sasa nyumba kumi ziache kulipa. Mapato hushuka hadi shilingi 150,000, huku gharama za lazima zikiwa shilingi 170,000. Akiba imekwisha, na bado kuna pengo la shilingi 20,000 kila mwezi. Jambo la kwanza kuahirishwa ni matengenezo ya pampu. Pampu inapokufa, nyumba zote 40 hukosa maji, zikiwamo 30 zilizolipa. Waliolipa hukasirika na baadhi yao huacha kulipa. Jengo lililokuwa jipya huanza kuchakaa, na thamani ya kila hati ndani yake hushuka pamoja nalo.

Mwakilishi husaidia kuzuia mporomoko huo kwa namna mbili. Kwanza, hudai hesabu zitolewe kwa wakati, kwa kuwa mtu hulipa kwa moyo mweupe anapoona fedha zake zilikokwenda. Pili, humfikia jirani aliyekwama kabla deni halijawa mlima. Huenda amepoteza kazi, au anapinga malipo fulani, au hakupata ankara. Kila sababu ina tiba yake: mpango wa kulipa kidogo kidogo, barua ya kupinga kwa bodi, au kurekebisha orodha.

Hata hivyo, mwakilishi asipokee fedha taslimu mkononi. Malipo yaende moja kwa moja kwenye akaunti ya chama na mlipaji apate risiti. Utaratibu huu humlinda mlipaji, na humlinda zaidi mwakilishi mwenyewe dhidi ya shutuma.

Mipaka isiyopaswa kuvukwa

Mwakilishi hushika taarifa za watu: nambari za simu, majina ya wapangaji, nani ana deni, nani ni mgonjwa. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imeweka masharti kuhusu ukusanyaji na utumiaji wa taarifa binafsi. Kubandika majina ya wadaiwa langoni au kuyasambaza katika kundi la simu ili kuwaaibisha kunaweza kukiingiza chama katika kesi. Njia ya halali ya kudai deni ni ilani ya maandishi na hatua zilizowekwa na sheria na kanuni za chama.

Barabara nayo ina mipaka. Ua ulio ndani ya mali ya wamiliki ni wao. Barabara ya umma inayopita kati ya nyumba ni ya umma, hata kama wakazi ndio waliochangia kuikarabati. Kuweka lango juu yake bila kibali cha mamlaka husika ni kuwafungia wengine njia, na siku ya moto au mgonjwa mahututi, lango hilo laweza kugharimu maisha.

Kuhusu walinzi, Sheria ya Udhibiti wa Usalama wa Kibinafsi ya mwaka 2016 inahitaji watoaji wa huduma hiyo wasajiliwe. Mwakilishi ana haki ya kuuliza bodi iwapo kampuni au mlinzi aliyeajiriwa ametimiza sharti hilo.

Aidha, mwakilishi wa chama cha wamiliki asichanganywe na kiongozi wa Nyumba Kumi. Mpango wa Nyumba Kumi ni sehemu ya ushirikiano wa jamii na polisi katika usalama, na hufanya kazi pamoja na machifu na manaibu wao. Chama cha wamiliki hushughulikia mali na maisha ya pamoja. Mtu mmoja anaweza kushika nafasi zote mbili, lakini ajue lini anavaa kofia ipi. Kelele za sherehe ni suala la kuzungumza na jirani kwanza. Wizi, dhuluma ya nyumbani au silaha ni suala la polisi, na hakuna kikao cha korti kinachoweza kuyamaliza.

Mpangaji naye

Wanachama wa shirika la wamiliki ni wamiliki. Mpangaji hapigi kura kwa sababu ya upangaji wake, ingawa kanuni za matumizi ya mali ya pamoja humhusu yeye na familia yake. Hapo ndipo kuna pengo: anayeishi ndani na kuona pampu ikivuja hana kura, na mwenye kura yuko mbali. Mwakilishi mwenye busara husikiliza wote wawili. Hupokea taarifa ya mpangaji na kuiandika kama anavyoandika ya mmiliki, kisha humjulisha mwenye nyumba. Wapangaji wakipuuzwa, chama hupoteza macho mengi kuliko kinavyodhani.

Ugomvi unapozuka

Migogoro ya majirani ina sura zinazojulikana: maegesho, mbwa, maji yanayovuja kutoka ghorofa ya juu, muziki, na nguo zinazoanikwa barazani. Hatua ya kwanza ni wahusika kuzungumza, mwakilishi akiwa shahidi asiyeegemea upande. Wakishindwa, suala hupelekwa kwa bodi kwa maandishi. Sheria ya Mali ya Sehemu imeweka pia kamati ya ndani ya kusuluhisha mizozo, na Katiba katika Kifungu cha 159 inahimiza njia mbadala za usuluhishi, ikiwamo upatanishi na mbinu za kijadi. Mahakama ya Mazingira na Ardhi huwa ni hatua ya baadaye, yenye gharama na muda mrefu zaidi.

Mwakilishi ambaye ni mhusika katika ugomvi, au ambaye ndugu yake ni mhusika, ajiondoe na mwingine achukue nafasi yake katika suala hilo. Kadhalika, akiwa na biashara inayotaka zabuni ya chama, alitangaze hilo mapema na asishiriki katika kujadili zabuni hiyo.

Kumchagua na kumwajibisha

Kabla ya kupiga kura, mwenye nyumba anaweza kuuliza maswali machache. Je, mgombea anaishi katika eneo analotaka kuliwakilisha? Je, amelipa ada zake? Je, yuko tayari kukagua eneo kila mwezi na kuandika taarifa? Je, ana maslahi yoyote ya kibiashara na chama? Je, anaweza kuwasilisha maoni asiyokubaliana nayo?

Baada ya uchaguzi, kuna nyaraka ambazo mmiliki anapaswa kuzifahamu na kuzidai: kanuni za chama, ramani iliyosajiliwa inayoonyesha kigezo cha sehemu yake, bajeti ya mwaka, taarifa ya mapato na matumizi, hati ya bima ya jengo, na kumbukumbu za mkutano mkuu. Mwakilishi akisaidia zipatikane, ametimiza sehemu kubwa ya kazi yake. Akizuia zisionekane, wamiliki wana haki ya kumbadilisha kwa utaratibu uliowekwa.

Kipindi chake kiwe na mwisho unaojulikana. Kazi hii kwa kawaida hufanywa kwa kujitolea, na mtu yuleyule akibebeshwa miaka kumi, huchoka au hujiona mfalme wa korti. Kupokezana huwafundisha majirani wengi zaidi uzito wa kutunza mali ya pamoja, na hupunguza lawama za wale ambao hawajawahi kuubeba.

Wananchi walionunua nyumba na ambao bado hawajui mtaa wao unaendeshwa chini ya utaratibu upi wanashauriwa kuanza na mkataba wa mauzo na hati ya nyumba, kisha kuuliza katika afisi ya ardhi ilikosajiliwa mali hiyo. Wale ambao tayari wana chama waulizie tarehe ya mkutano mkuu ujao na waiandike kwenye kalenda. Paa litakalovuja mwaka ujao linategemea sana uamuzi wa watu watakaohudhuria mkutano huo.